Maneno Kabla ya Maski

Sokoni Mpanda, wauza migebuka walikuwa wakimwona mzee wetu wa hospitali anakuja wanaanza kupiga miayo kwa makusudi. Mmoja anajinyoosha juu ya meza, mwingine anajifanya kukoroma. Ulikuwa utani wa miaka mingi, na yeye aliupokea kwa uso ule ule wa mtu aliyekuja kununua samaki tu. Akishafungiwa samaki wake ndipo anamgusa begani yule anayekoroma na kumwambia, "Amka, umeshapona." Watu wanacheka, yeye hacheki, anasukuma baiskeli yake kwenda zake.

Wao walimwita Bwana Usingizi. Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Mzee wa Usingizi, kwa adabu. Kazi yake ilikuwa kulaza watu kabla ya upasuaji, na yeye ndiye aliyeitwa kila alipoletwa mgonjwa mahututi ambaye kupumua mwenyewe kumemshinda na inabidi aingizwe mpira kooni ili mashine impumulie. Mimi, nikiwa binti aliyetoka chuoni, nilijifunza kazi hiyo kwake. Kwao hasa ni wapi na baba yake ni nani sitaeleza, maana hakuwa mtu wa kuulizwa hayo. Ukimuuliza kabila alikujibu kwa Kikonongo. Ukionekana unakijua Kikonongo alihamia Kifipa, na ukivijua vyote viwili alikuuliza kama huna kazi ya kufanya.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilihusu zile dakika chache kabla ya mpira. Ukimpa mtu dawa ya usingizi anaacha kupumua, na kuanzia hapo mpaka mpira ukae mahali pake anaishi kwa oksijeni uliyomjaza kabla. Mtu mwenye afya ana akiba ya kutosha. Mgonjwa mahututi hana, kwa sababu mapafu yake yameshaziba, na akiba kidogo aliyo nayo inaweza kuisha wewe bado unatafuta njia kooni. Mzee wa Usingizi hakutueleza hivyo. Alituuliza kwenu watu huingia masika na nini. Tukamwambia na mahindi kihengeni. Na asiye nayo je? Tukasema ataomba kwa jirani.

"Kooni hakuna jirani," akasema. "Jazeni kihenge kwanza."

Tangu hapo kumpa mgonjwa oksijeni kabla ya mpira kwetu kukaitwa kujaza kihenge. Mpaka leo madaktari wageni wakikaa nasi wiki mbili wanalitamka neno hilo kwa heshima zote, utadhani wamelisoma kitabuni.

Alikuwa na tabia ya kubana pumzi. Mgonjwa akishaacha kupumua, na yeye anafunga mdomo, anaacha kupumua. Alisema hiyo ndiyo saa yake: kifua chake kikianza kudai hewa, basi cha mgonjwa kimeshadai zamani, na anayehangaika na mpira aache, amrudishie mgonjwa oksijeni, aanze upya. Tukiwa wanafunzi nasi tulibana, ila sisi tulibana kwa hofu na tukajisahau. Mpira ukishaingia, kifua cha mgonjwa kikainuka, yeye alishusha pumzi kwanza, kwa sauti, kisha akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa bado amekakamaa na kumwambia, "Haya, pumua." Alilisema hilo kama mtu anayekukaribisha chai. Sijui ni mara ngapi nililisikia, na kila mara nilishangaa kugundua kwamba kweli nilikuwa sipumui.

Mtu huyo huyo mlinda pumzi za watu alikuwa anavuta ugoro. Alikuwa nao kwenye kikopo cha dawa ya macho, na alikwenda kuuvutia nyuma ya chumba cha kufulia, halafu anapiga chafya inayosikika mpaka wodi ya wazazi. Siku moja nilimwambia, kwa kujikaza, kwamba haipendezi. Akanijibu kwamba pua ni ya kwake na mapafu ni ya Mungu, na kwamba yeye na Mungu wameelewana. Na alikuwa na subira isiyo na mwisho kwa mgonjwa, ila hakuwa nayo hata kidogo kwa dereva wa bajaji. Nimemwona akishuka katikati ya barabara na kuendelea kwa miguu, kwa sababu tu dereva alisimama kusalimiana na mwenzake.

Sasa niseme juu ya ndugu wa wagonjwa, maana hapo ndipo alipobadilika.

Kwetu huku watu wana imani yao juu ya oksijeni. Wamewaona wengi wakiwekewa maski na wachache wakirudi nyumbani, basi wameunganisha wenyewe: maski ndiyo inayomaliza. Kwa hiyo mgonjwa akishavalishwa, ndugu wanaona saa imefika, na saa ikifika mtu lazima aseme. Shamba la bondeni ni la nani, mtoto wa nje alelewe na nani, padri aitwe au asiitwe. Ukigeuka kuchukua dawa, mtu ameinua maski ili baba aseme. Wengine wanaiinua ili aitikie sala. Nimewaona akina mama kutoka upande wa Mpimbwe wakisali rozari kitandani, na kila wakifika mwisho wa Salamu Maria mmoja anainua maski kidogo, mgonjwa anasema "Amina" kwa shida, yule mama anaifunika tena. Wanafanya kwa upendo kabisa. Wakati huo namba za kile kidude cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu, zinashuka, na kihenge kinamwagika.

Mzee wa Usingizi alipambana na hilo kwa msemo mmoja, na aliusema kwa ukali: "Maneno yatasubiri, pumzi haisubiri." Akishausema, mkono wake unarudi juu ya maski na hakuna anayeugusa.

Kisha akaletwa mzee mmoja kutoka Kibaoni, mkulima wa mpunga, na binti yake mkubwa. Mapafu yalikuwa yameharibika. Yule mzee alikuwa na neno, kila mtu aliliona. Alimshika binti yake mkono, akawa anavuta maski kwa mkono wa pili, anatikisa kichwa. Mzee wa Usingizi akausema msemo wake na kuibana maski. Alifanya kazi safi. Mpira uliingia mara ya kwanza, namba hazikushuka hata kidogo, na mimi niliyekuwa pembeni nilijifunza siku ile kuliko siku nyingine zote. Yule mzee hakuamka tena. Siku chache baadaye alifariki, mpira ukiwa bado kooni.

Binti yake hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni kwetu akiwa ameshajifunga khanga kiunoni kwa safari ya kurudi na maiti, akamtafuta Mzee wa Usingizi kwa macho, akasema:

"Hatukulaumu kwa kifo, baba. Kifo ni cha Mungu. Ila mlimziba mdomo. Alikuwa na neno, na sisi hatutalijua."

Mzee wa Usingizi alikwenda kwenye mazishi. Hakuna aliyemtuma, na mtaalamu wa hospitali kwenda kwenye mazishi ya mgonjwa wake si jambo la kawaida. Watu wanaweza kulitafsiri vibaya. Alikaa na waombolezaji, akarudi na vumbi la Kibaoni kwenye viatu, na kwa muda mrefu hakuusema ule msemo. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira na yule binti, kwa sababu nilijua kitaalamu hakuna kosa lililofanyika. Nilimwambia hivyo. Akaniambia kwamba kutokuwa na kosa hakumrudishii mtu neno la baba yake.

Basi akaanzisha desturi yake, nayo haimo katika mwongozo wowote niliousoma. Kabla ya maski, alimvalisha mgonjwa ile mirija miwili midogo ya puani. Inatoa oksijeni kiasi, na inauacha mdomo wazi. Kisha anawaita ndugu, anawaambia waziwazi: baba huyu tunataka kumlaza ili mashine imsaidie, tunategemea ataamka, lakini mimi si Mungu. Semeni sasa. Naye aseme. Mkimaliza, nafunga, na nikishafunga hakuna mkono utakaoinua. Halafu anasogea dirishani, anawapa mgongo. Tuliuita muda wa maneno.

Nilidhani utatuharibia kazi. Haikuwa hivyo. Watu waliopewa nafasi ya kusema hawakuinua tena maski. Wengi, ukweli ni kwamba, hawakuwa na neno kubwa. Mama mmoja mgonjwa kutoka Katumba alizungumza na mumewe kwa Kirundi, uso umekaza, nikadhani anaaga dunia. Baadaye mume akatuambia alikuwa anamkataza kuuza mbuzi. Mzee wa Usingizi aliposikia aligeukia dirishani tena, mabega yakawa yanatikisika. Ndiyo mara pekee niliyopata ushahidi kwamba alikuwa anaweza kucheka.

Halafu ikaja mashine mpya, yenye maski ya kubana. Maski hiyo inafungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa, inakaza uso wote, na mashine inasukuma hewa ndani kwa nguvu ili mapafu yaliyosinyaa yafunguke. Daktari kijana aliyekuja nayo alitueleza vizuri, bila majivuno, kwamba kwa mgonjwa mahututi hiyo inajaza akiba vizuri zaidi kuliko maski tuliyoizoea. Mzee wa Usingizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatulaza wanafunzi watatu kwenye mabenchi. Wa kwanza akamvalisha mirija ya puani, wa pili maski ya kawaida yenye mfuko, wa tatu, ambaye alikuwa mimi, hiyo mpya na mikanda yake. Akapita akituuliza kila mmoja: kwenu wapi?

Wa kwanza akajibu, "Litapunga," akaongeza na jina la kitongoji. Wa pili akasema kitu kilichosikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Mimi nilifungua mdomo na hewa ikaingia yote ndani, ikaujaza, neno likabaki huko huko. Nilikodoa macho. Hewa ilikuwa nyingi kuliko niliyohitaji, na bado niliogopa.

"Mmeona," akasema. "Kadiri unavyomjaza, ndivyo unavyomnyang'anya mdomo."

Yule daktari kijana hakubisha. Alisema tu kwamba tutumie zote mbili, maski ya zamani na mpya, tuangalie namba wenyewe. Tukaangalia. Mzee wa Usingizi alisimama kichwani kwa wagonjwa mmoja baada ya mwingine akiwa amekunja mikono, na kila tulipotumia ile ya mikanda namba zilipanda na kukaa, hata mpira ulipochelewa. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mbishi wa kukataa anachokiona. Siku moja akatoka nje, tukasikia chafya ya ugoro, akarudi akatangaza kwamba inajaza kihenge vizuri, hakatai, iwe ndiyo ya kutumia. Ila muda wa maneno utangulie. Yule daktari akasema palipo na muda, sawa. Mzee akasema muda unatafutwa. Wakaishia hapo, na kesho yake tukaikuta mashine imefunikwa kitenge safi dhidi ya vumbi. Kitenge kilikuwa cha mke wa Mzee.

Alipostaafu hakutaka sherehe. Alihamia Litapunga, akalima mahindi na karanga, na nafasi yake nikaishika mimi. Nilimwona mara moja moja sokoni, na wauza samaki walikuwa bado wanamkoromea. Nilimkumbuka kwa namna ambayo sikuitegemea. Baada ya mpira kuingia nilikuwa nasimama pale, wanafunzi wananitazama wakisubiri maelezo, na mimi nasubiri mtu wa kuniambia nipumue.

Masika iliyopita, mchana, gari dogo liliingia hadi mlangoni kwetu na yeye akashuka nyuma, amembeba mke wake. Mama yule alikuwa na homa ya mapafu iliyomzidi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Litapunga kwa miguu. Tulimweka kitandani, tukamvalisha mirija ya puani kwanza, kwa mazoea. Namba zikapanda kidogo, zikarudi chini. Nikaziangalia, nikajua hatuna hata robo ya muda wa maneno. Mirija haimtoshi, maski ya kawaida haitamtosha, na tukichelewa ataacha kupumua mbele yetu akiwa na kihenge kitupu.

Nilimgeukia. Alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, shati limelowa mvua.

"Mzee," nikamwambia, "nafunga moja kwa moja. Leo hakuna muda wa maneno."

Niliogopa atabisha, na angebisha ningemsikiliza. Huyo ndiye aliyenifundisha.

"Mimi leo si mtaalamu," akasema. "Mimi ni mume. Fanya."

Nikaifunga ile ya mikanda. Mashine ikaanza kusukuma, namba zikaanza kupanda. Nikageuka kuvuta dawa kwenye sindano. Nyuma yangu nikasikia hewa inavuja kwa mlio, ule mlio tunaoujua, na kabla sijaangalia nilijua kuna mkono umeinua maski.

Ulikuwa mkono wake. Mama alikuwa amenyoosha kidole kumwelekea, macho yamemkazia, midomo inacheza, na yeye alikuwa ameinama, sikio liko karibu kabisa na mdomo wake, ameinua ukingo wa maski kwa vidole viwili. Mtu aliyewafukuza watoto wa watu vitandani kwa kosa hilo hilo. Sikumshangaa. Nilijua anamsikia yule binti wa Kibaoni, nami nilikuwa namsikia. Lakini namba zilikuwa zinashuka.

"Mzee," nikasema. "Maneno yatasubiri. Pumzi haisubiri."

Aliniangalia. Sijawahi kumwona mtu akiangalia vile, na sipendi kukumbuka. Kisha akaishusha maski usoni kwa mke wake, na vidole vyake vikajipanga vyenyewe kama zamani: kidole gumba na cha shahada juu ya maski, vile vitatu chini ya taya, vikiinua. Mlio wa hewa ukakoma. Nilimwuliza kama mtu mwingine ashike. Akatikisa kichwa. Akashika yeye, machozi yanamdondokea mkononi, mpaka kihenge kikajaa na namba zikasimama pale ninapozitaka. Nikatoa dawa. Mama akafumba macho, kidole kilichokuwa kimenyooshwa kikalegea. Nikamwambia, "Sasa," naye akaondoa mkono, akarudi ukutani.

Koo lilikuwa limevimba na njia haikuonekana vizuri. Nilitafuta, nikaikosa, nikasogeza kichwa kidogo, nikaitafuta tena. Mpira ukapita, kifua cha mama kikainuka, pande zote mbili. Namba zilikuwa bado ziko juu.

Nyuma yangu nikasikia mtu akishusha pumzi, kwa sauti.

"Haya," akasema. "Pumua."

Nikapumua, na nikalia mbele ya wanafunzi wangu, sikujali.

Mama alikaa kwenye mashine siku kadhaa, na siku zote hizo mzee hakutoka kwenye benchi la nje ila kwenda kuvuta ugoro. Hakuniuliza kuhusu mapafu wala dawa. Alichouliza, kila asubuhi, ni kama mkewe akiamka atakumbuka alichotaka kusema. Nilimwambia sijui, kwa kuwa wengine hawakumbuki. Alikuwa anaitikia, anakaa tena.

Siku tuliyomtoa mpira nilimwita aingie. Mama alikohoa sana, akaoshwa mdomo, nikamvalisha mirija ya puani. Mzee alivuta kiti, akakaa karibu, kofia juu ya goti. Nikasogea dirishani nikawapa mgongo, kama alivyonifundisha.

"Mama," nikamsikia akimwambia, "siku ile ulikuwa na neno. Ulininyooshea kidole."

Nikamsikia mama akikohoa tena. Nilidhani amesahau. Kisha sauti ya mama ikatoka, ya kukwaruza, ndogo.

"Nilikuwa nakwambia utoke nje. Umwache binti huyu afanye kazi yake."

Mabega yangu yakaanza kutikisika, nikang'ang'ania dirisha. Nilipogeuka, Mzee wa Usingizi alikuwa ameshasimama. Alimwekea mkewe shuka vizuri miguuni, akavaa kofia, akatoka nje.